Nilimwagia Maji ya Moto Bia ya Mpwa Wangu

Mama Josefina, pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu, leo nakuongezea wa kwangu na usinicheke. Mimi ni Modesti wa Mwazye, na kama una ndugu yeyote Ufipa muulize habari ya ulimi wangu, maana huku chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, hakiguswi mpaka mimi nimeonja, nikisema imeiva watu wanakaa na mirija yao, nikisema bado wanarudi kuchunga ng'ombe, na siku moja nilipita Chala nikiwa juu ya baiskeli nikanusa upepo tu nikapiga kelele jamani humo ndani mmechanganya ulezi wa zamani na wa mwaka huu, wakabisha, mwenye pombe mwenyewe akalia akakiri, na kule Kabwe wavuvi mpaka leo wananiita Daktari.

Sasa dada yangu Silvana ana binti anaitwa Epifania, huyo nimemlea kwa mikono hii, alipokuwa mdogo nilikuwa namtafunisha kimea namuuliza mpwa wangu unasikia nini, anasema mjomba nasikia utamu halafu nasikia moshi, nami nikajua huyu karithi kwangu. Kakua, kasomea kupika bia, sasa anapika yake mwenyewe mjini Sumbawanga, ya mtindo wa Kimarekani, jina lake peli-eli, wanatia maua fulani yanaitwa hopsi ndiyo yanaleta uchungu na harufu. Anyosisye, yule mwenye baa kubwa mjini, alikubali kuja mwisho wa mwezi kuionja aone kama ataiuza, lakini Epifania akasema hapana, kwanza aonje mjomba, akaja na kreti mpaka kwa mama yake, watu wamejaa uani, akaniwekea chupa mbele akasema, "Shikamoo mjomba, nipe hukumu."

Mama, ningefanyaje? Kimpumu huku tunakinywesha maji ya moto, na Julai hii baridi inang'ata mifupa, basi nikaimimina bia kwenye chungu kidogo, nikachukua birika linachemka nikamwagia, nikatumbukiza mrija. Povu lililopanda hapo sijaliona tangu nizaliwe, lilinivaa mpaka kofia, nusura livuke mpaka liingie Zambia. Epifania akapiga kelele, "Mjomba, hiyo hainywewi hivyo!" Nami kofia imelowa na watu wananitazama, nikasema, "Mtoto hanifundishi pombe," nikavuta mrija, uchungu ukanipiga mpaka masikioni, nikatangaza, "Hii si bia, ni dawa ya minyoo ya mbuzi!" Jirani yangu Abel alicheka mpaka akakaa chini. Epifania hakucheka. Aliokota chupa tupu akasema, "Sawa mjomba, nimesikia," akarudi mjini, na dada ananiambia mtoto kasema kama mjomba kaikataa basi ni mbaya kweli, atamwambia Anyosisye asije, na kupika ataacha kabisa.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Kreti aliiacha. Juzi mchana nikapita kwa dada, chupa moja ilikuwa dirishani imepoa vizuri, nikaimimina kwenye glasi nione tu. Rangi ya asali changa. Harufu, Mama, nilisikia ganda la chungwa unapolibana kwa vidole, halafu mipaini ikitoka kunyeshewa mvua, nikaonja, kwanza utamu wa kimea kilichokaushwa na mtu anayejua, kama ukoko wa mkate, kisha uchungu unakuja polepole unasafisha ulimi, na ulimi unataka tena. Ule uchungu wa mwisho unakaa kooni kupita kiasi, hapo angepunguza kidogo, lakini mtoto kapika! Nilitaka kumpigia simu hapohapo, mdomo ukagoma, maana neno langu juu ya pombe halijarudi nyuma tangu niote ndevu, na Abel atanitangaza mpaka kanisani. Ninachoomba, andika gazetini kwamba wataalamu wamegundua bia ya Kimarekani huwa chungu siku ya kwanza, halafu hutengemaa yenyewe dirishani. Wewe watakuamini.

Modesti, Mwazye

MAMA JOSEFINA ANAJIBU

Siandiki, Modesti. Wataalamu wana kazi zao, na kilichoiharibu bia hiyo ni birika lako.

Nakuelewa. Mkono ulifanya uliyoyazoea, na maji ya moto kwenye kimpumu si kosa hata kidogo. Kosa ni kwamba mwenye bia alikwambia hainywewi hivyo, wewe ukaona bora uokoe kofia kuliko mpwa. Mtoto uliyemtafunisha kimea mwenyewe! Unaogopa kicheko cha Abel, na mwenzako anataka kuacha kazi anayoipenda kwa sababu anauamini ulimi wako kuliko wake. Hapo hujaona unavyopendwa?

Tena nakushangaa. Umenijazia ukurasa mzima kuomba uongo, na katikati yake umeandika kila alichokuja kukuomba. Ganda la chungwa, mipaini iliyonyeshewa, ukoko wa mkate. Hiyo ndiyo hukumu, na sijagusa hata neno.

Mpigie simu leo, kabla hajampigia Anyosisye. Usianze na habari za Chala wala wavuvi. Sema, "Mpwa wangu, nilikosea, nimeionja upya." Kisha mwombe aje Jumapili, uwaite watu walewale, uani palepale, maana uliitukana mbele yao. Birika libaki jikoni. Glasi iwe safi, bia iwe imepoa lakini isiwe barafu, uinuse kwanza, uonje, useme kama ulivyoniandikia. Na hilo la uchungu kukaa kooni liseme pia, usimfiche. Hakuja kutafuta sifa, alikuja kukutafuta wewe.

Abel atacheka, hilo halina dawa. Mmiminie glasi.