Goli Bila Kelele

Mkirudi kumsindikiza shangazi, pasheni wali moto. Gesi nimeifunga. Dirisha la nyuma komeo halishiki, liegemezeeni kiti.

Sasa, ya leo mchana. Mlinzi wa usiku mimi, nimezoea kulala huku mnanong'ona na kugombezana. Leo kimya kilinishtua usingizini, nikajua kuna msiba. Nikachungulia sebuleni. Mmeizunguka simu moja inayoonyesha mpira, kila mtu na waya wake wa kusikilizia sikioni, kama wagonjwa waliotundikiwa dripu moja. Mara mkaruka wote kwa pamoja! Mama yenu kauma mto, shangazi anapiga makofi yasiyogusana. Goli limeingia, na hata nzi hakushtuka! Nilibaki mlangoni nikiwatazama. Yote hayo ili mimi nilale?

Binti yangu mtundu, ule mkebe wa dawa ya viatu uliouchomelea matundu ya waya kutoka redio mbovu, ili sauti ya simu moja igawanywe kwa wote, nimeushika kama yai. Nimeurudisha juu ya kabati, msiuguse kwa mikono ya mafuta.

Mama yenu kaniambia kila sikio likiongezeka, sauti inapungua kwa wote, ndiyo maana hamkuniita.

~~Sawa, nimeelewa, nitalala tu.~~

Sijaelewa! Siku ya fainali mniamshe. Binti yangu, niongezee tundu langu kwenye mkebe. Sauti ikififia kabisa, nitatazama nyuso zenu. Leo sikuwa na waya, na bado nilijua ni goli.

Baba yenu, aliyeamka