Baba, Usiningoje kwa Ajili ya Goti

Uholanzi, Jumapili asubuhi

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama, Mama naye hajambo, na ng'ombe wamepona ile homa. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaishinda ya huko kwetu Gitting, lakini nimepata duka linalouza unga wa mahindi, kwa hiyo leo nitakula ugali.

Kaka Daudi amenipigia simu. Anasema umekataa kwenda hospitali ya rufaa kupasuliwa goti. Eti ulimwambia, "Binti yangu anatengeneza goti huko. Nitamngoja." Basi nikueleze ninachotengeneza.

Ndani ya goti, mifupa inapokutana, kuna gegedu, kitu cheupe kinachoteleza. Lako limelika. Maabara yetu inajaribu kuliotesha. Tunatengeneza kiunzi cha plastiki chenye vitundu, tunaweka seli hai juu yake ili zikue. Lakini seli haziishiki plastiki, zinaondoka na maji. Kwa hiyo kwanza tunakipaka peptidi, vipande vifupi vya protini ambavyo seli huvitambua na kuving'ang'ania.

Miezi minne seli zangu zilikuwa zinabanduka tu. Mwalimu anayenisimamia maabara, mama mmoja mtaratibu, akaanza kumtilia shaka Anneke, dada anayetutengenezea peptidi. Anneke akawa anakula peke yake.

Siku moja nikapitia hatua zangu moja moja, nikaliona kosa. Mpako unatakiwa kuachwa siku nzima ushike. Mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nausuuza baada ya saa mbili, na kwenye daftari naandika nilichoagizwa, siyo nilichofanya. Nilikaa kimya siku mbili, Baba. Naona aibu kukuambia. Siku ya tatu nikaingia ofisini kwa mwalimu.

"Kosa siyo la Anneke," nikamwambia. "Ni langu."

Akalifunua daftari langu, akasoma. "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Anza na yeye. Halafu urudie kazi yote."

Anneke hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi kwingine." Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nikarudia, bila haraka. Wiki iliyopita nilichungulia kwenye hadubini nikaona seli zimejitandaza, zimeshika. Nikamwita Anneke, akatazama, akanishika bega.

Lakini Baba, kiunzi hicho ni kidogo kuliko ukucha wako. Hatujakiweka hata kwa mnyama. Itachukua miaka mingi, na pengine kisimfikie mtu kabisa. Nilipokuja likizo niliwaambia kwamba kazi yangu ni kutibu magoti, mkafurahi, nami nikaacha iwe hivyo. Nilikupa tumaini ambalo mwenyewe sikuwa nalo. Nisamehe.

Daktari wa hiyo hospitali ya rufaa ameshawasimamisha wengi kwa miguu yao. Mimi sijamsimamisha hata mmoja. Kubali Daudi akupeleke.

Msalimie Mama, na wifi yangu mke wa Daudi, na shangazi wa kule Masieda ambaye najua atasema nimekonda. Mwambieni sijakonda.

Ukishalazwa, Daudi anipigie akupe simu. Usiniambie kama goti linauma au haliumi. Niambie tu kwamba umekwenda.

Ni mimi binti yako,
Paskalina