Kumbukumbu ya Fundi Twahiru, Aliyekanwa na Tajiri Wake

Mwaka umezunguka, Twahiru, tangu asubuhi ile ya 1998 ulipotutoka, na bado gari likikohoa barabarani tunageuka kutazama mlangoni, tukidhani utatokeza na bisibisi yako.

Uliipenda bisibisi ile. Ncha uliiweka kwenye injini, mpini sikioni, ukafumba macho, kisha ukasema ugonjwa uko wapi. Mkeo Mwanne alikutania kwamba yeye hujawahi kumsikiliza hivyo. Ukacheka, ukamwita "patron wangu", yaani tajiri wako, ukaenda kusugua mikono kwa mchanga na sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Ijumaa ulirudi mapema na samaki wa kukaanga. Vita vilipowatoa watu katika mitaa yao, Léonce, fundi mwenzako, alikuja kwako na mke na watoto, hana hata mkeka. Wengine waliuliza ni wa upande gani. Wewe ulimwambia avue viatu aingie, chakula kinapoa.

Haya wewe unayajua. Tunayaandika kwa ajili ya wanaosoma, kwa sababu mwaka huu tumesikia ukiitwa mpita njia, na imetuuma sana.

Ulifanya kazi katika gereji ya Massoudi, pale mtaani Jabe, tangu hujaoa. Karatasi hamkuandikiana. Ulimwita kaka, mlikula sinia moja, na kwa watu wetu hiyo ilitosha, maana kumdai kaka karatasi ni kumtukana. Kumbe kaka huyo hakuwa amekukatia bima ya wafanyakazi, wala wewe wala mwingine yeyote pale. Wakati nchi imewekewa vikwazo na vyuma haviingii, jeki ilivunjika, ukamwomba nyingine, akakwambia usubiri. Siku hiyo lori lilitakiwa liwahi msafara wa kwenda Gitega. Mkaliegemeza juu ya magogo, nawe ukaingia chini yake kama kawaida yako. Magogo yakateleza. Léonce ndiye aliyekuvuta kutoka.

Ulilala kitandani miezi, Mwanne akikugeuza na kukuosha, na hukumlaani mtu. Jambo moja tu ulimwambia.

"Mwanne, mi sitasimama tena. Lakini watoto wasiende kuomba kwa mutu. Iyi ni haki yao, si sadaka."

Akaenda kwa mkaguzi wa kazi. Huko aliambiwa kwamba tajiri asiyewakatia watu wake bima hulipa mwenyewe, mradi ithibitike kuwa mtu aliumia akimfanyia kazi. Massoudi akaitwa, akaulizwa habari zako, Mwanne akiwa palepale amekaa.

"Uyu? Apana, si mufanyakazi wangu," alisema Massoudi. "Alikuwa anapita kusalimia tu, akajitia mwenyewe chini ya camion."

Mwanne alirudi nyumbani, akakupikia uji, akakuficha maneno yale. Ulikufa bila kuyajua, na kwa hilo tunamshukuru mkeo.

Ikafika siku ya maziko. Jeneza likiwa uani, kaka yako Seifu alisimama kama ilivyo ada, akauliza: anayemdai marehemu aseme, na mwenye neno naye aseme. Ua ulijaa, hata wakubwa uliowatengenezea magari walitelemka kutoka majumba yao ya Kiriri. Mbele ya umati kama huo Massoudi hakuweza kukaa kimya. Alisimama na kofia yake mpya, akalia kuliko wafiwa.

"Mi ndiye nilikuwa patron wake toka ujana," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Simudai kitu. Kama aliniharibia kazi, nimemusamehe."

Watu wakaitikia amina. Mwanne, ambaye alikuwa ndani na wanawake nyuma ya pazia, aliacha kulia. Maneno ya Massoudi yalikuwa maji yaliyomwagika, na hayazoleki.

Lakini nani angeyapeleka maneno yale mahakamani? Tulimwendea huyu na yule. Wengi walisema ya msibani hayabebwi kortini, ni kumfedhehesha maiti. Léonce aliinamisha kichwa nje ya pazia la Mwanne. "Dada, niko na watoto, na kazi ni ile tu ya kwa Massoudi." Hatumlaumu sana. Tunamlaumu kidogo. Mwanne alikuwa kwenye eda, hatoki, basi Seifu alikwenda kortini peke yake, akapangiwa siku ya kesi na kurudishwa alete shahidi asiye wa ukoo. Hakuna kilichomuumiza mkeo kama kukaa ndani kwa heshima yako huku nje unafutwa.

Eda ilipokwisha, alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Assia, mama mzazi wa Massoudi. Siku ya msiba walikuwa wamekaa mkeka mmoja nyuma ya pazia. Alikuwa amekusudia kumwomba ushahidi, lakini alipomwona mama wa watu na uzee wake aliona haya, akamtajia tu siku ya kesi. Bibi alimtilia chai.

Siku ya kesi, mbele ya hakimu, Massoudi aliyarudia yaleyale ya mpita njia. Hakimu akauliza kama yupo shahidi. Kwenye benchi la nyuma kabisa, bibi kizee akainuka taratibu.

"Niko apa."

"Mama, rudi nyumbani," Massoudi akasema. "Aya si mambo yako."

"Apana, mutoto wangu. Ulisema mbele ya maiti, na mi nilisikia. Twahiru alikuwa mufanyakazi wako, ata chakula yake ya midi, ya saa sita, ni mi nilikuwa napika. Unataka nikufe na uwongo wako mu roho?"

Massoudi aliketi. Hakukana tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hatukujua kwamba yake ingeishia kwa mama yake.

Hukumu imesomwa: Massoudi atalipa mwenyewe kile ambacho bima ingelipa. Lini, Mungu ndiye ajuaye, nchi yetu unaijua. Karani aliisoma kwa Kifaransa, kisha akamfasiria Mwanne: "Twahiru, fundi, mfanyakazi wa gereji." Mwanne akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Karani alikuwa na haraka, lakini alimtazama usoni, akasoma tena polepole.

Uliumia kazini, Twahiru. Sasa imesemwa hadharani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanne, wanao Anouar na Amira, na kaka yako Seifu na nyumba yake. Léonce na watu wake wameomba wawemo, nasi tumewaweka. Na Bibi Assia, ambaye mwanawe hajakanyaga kwake tangu siku ya kesi, alituma mtu kuuliza kama pana nafasi ya jina lake. Mwanne alijibu liandikwe miongoni mwa mama zako.

Kukusahau hatutaweza, sisi sote tuliotajwa hapa.