Mawe Yenye Nilitoa ku Shamba Yako

Mama Dorika, muke wangu,

Usishituke, ni miye. Najua haukuzoea barua yangu. Mu miaka yote tulijuana nilikuandikia mara moja tu, ile karatasi ya kukuomba kwenu Aveba, na hata ile niliandikisha kwa mwalimu, kwa sababu kalamu yangu ilisimama mwaka ya tano ya primeri. Hii naandika na mukono yangu. Ukiona makosa, cheka. Kule uko, nafikiri hauna kazi mingi.

Nakuandikia kwa sababu nimebomoa kaburi yako.

Ngoja. Acha nimalize mbele ya kukasirika.

Siku ya kukuzika nililia kama watu wote. Kisha nikafanya kile nafanyaka kila siku watu wakikuwa mingi: nikafungua kinywa. Nilisimama mbele ya pasteri na wamama wa korali, nikasema, "Mama Dorika atakuwa na kaburi yenye haijaonekana mu Bunia yote!" Watu wakaitika amina. Anise, mutoto wetu, yenye alifika asubuhi kutoka Mahagi na vumbi mpaka ku kope, akanikumbatia. Weye ulikuwa mu sanduku, haukuweza kunivuta koti kwa nyuma kama ulizoea. Hakuna mutu alinivuta koti. Njo pale mambo iliharibikia.

Mawe ya kununua iko bei, weye unajua. Nikazunguka nikitafuta namna. Kisha asubuhi moja nikainua macho ku shamba yako, pale mulima inaanza, nikaona mawe zimepangwa tayari, zimenyooka, kama mutu aliniwekea akiba. Mistari yako kumi na moja.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipanda ku ile shamba? Ulipiga jembe mahali tatu. Kule juu ililia "kaa!" ku jiwe mbele ya kuingia hata kiganja moja. Katikati ikatoa udongo nyekundu, na chini ya ile nyekundu kulikuwa musitari ya mawe nyeupe, ndogo-ndogo, kama meno. Chini kabisa jembe ikaingia mpaka ku mupini, udongo nyeusi, baridi. Ukaishika ku mukono, ukanusa, ukasema, "Baba Dorika, hii haikuzaliwa hapa. Ilishuka kutoka juu. Na itazidi kushuka mpaka ituache."

Miye nikajibu, "Basi tukae chini tungoje, mulima yote itatufikia."

Ukanipeleka ku kingo ya njia, ukanionyesha jiwe yenye mistari nyeusi na nyeupe kama kitenge. Kwa macho ni jiwe kabisa. Ukaifinya na vidole mbili, ikavunjika kama biskuti. "Hii njo mama ya udongo yetu," ulisema. "Inaoza pole-pole, inatuzalia shamba." Ndani yake kulikuwa magamba-magamba yenye kung'aa, kama ya samaki. Nikajipaka ile magamba ku uso muzima, nikakimbia ku njia nikipiga kelele, "Zahabu! Zahabu!" Mama Sifa, jirani wetu wa shamba ya chini, akatupa jembe akakuja mbio na beseni. Ulicheka mpaka ukakaa chini mu udongo, na kitenge ya kanisa.

Na ile agronomu, fundi wa mashamba, yenye alipitaka siku moja, akachimba shimo mpaka ku kifua, akatuelezea kama jiwe ile ilipikwa chini ya dunia, ikafinywa, ikageuka sura, kisha ikapanda juu kuoza. Nikamuuliza, "Kama ilipikwa, mbona haijaiva?" Ukaficha uso kwa haya. Lakini yeye hakukasirika, akaendelea, na yote alisema ilikuwa maneno yako: chakula ya udongo hii iko mu ngozi ya juu tu, ile nyeusi. Nyekundu ya chini ni muzuri kwa macho, lakini mvua imeiosha miaka na miaka, imebaki na njaa kuliko siye. Na mutu akipoteza ile ngozi, asingoje jiwe imuzalie ingine, atakufa mbele, yeye na wajukuu.

Uliniangalia tu. Haukusema "nilikuambia." Miaka yote haukusemaka ile neno. Ungeisema hata mara moja, leo ningekuwa na kitu ya kukukasirikia kidogo. Haukuniachia hata ile.

Ulibeba mawe kwa kichwa, musimu kwa musimu, ukalaza musitari kisha musitari, kwa kukingama mulima, maji ikifika ipumuzike na iache kile imebeba. Na miye? Nilikuwa nakaa juu ya musitari yenye umemaliza, navuta tumbako, nakuambia kama unajengea panya avenue. Ulikuwa unanijibu bila kusimama: "Baba Dorika, kinywa yako ingekuwa jembe, tungekuwa tumelima mpaka Djugu." Nilicheka. Nilihama nikakaa ku musitari ingine.

Hata jiwe moja sikubeba. Moja, Mama Dorika. Ya kwanza nilibeba mu maisha yangu nilikuwa naitoa.

Ilikuwa kiangazi. Nilitoa musitari ya juu, shamba ikanyamaza. Nikatoa ya pili, ya tatu, kimya. Nikasema mu roho: unaona, haikuwa na kazi. Nikamaliza zote kumi na moja na puspusi, ile kigari ya kusukuma, fundi masoni akapanga, akatia simenti, na jiwe ya kichwa akachonga jina yako. Siku ya kutoa matanga watu walishika kinywa. Dorika akaniuliza, "Papa, hii mawe imetoka wapi?"

"Lori ilileta."

"Kutoka wapi?"

"Mbali."

Anise akapiga bega yangu, akasema mama amepata bwana wa kweli. Sikukataa. Nilikunywa ile neno kama bia ya baridi.

Kisha mvua ikakuja, saa nane ya muchana, Dorika akiwa ku soko. Tulikuwa tumepanda maharagi na mahindi. Matone zilipiga ile udongo uchi, zikaifunga juu kama sahani, maji ikakosa kwa kuingia, ikaanza kutembea. Ikatembea, ikakimbia. Nilikuwa ku baraza, niliona rangi yake inageuka: kwanza kama chai, kisha kama kahawa, kisha nyekundu, nyekundu ya damu. Njo nikafahamu nilichofanya.

Utacheka. Niling'oa mulango ya jikoni, nikapanda nayo mbio, nikailaza mbele ya maji, na miye juu yake kwa tumbo. Mulango ikaondoka. Ikaondoka na miye juu, bwana yako, na meno yangu ine yenye imebaki, mpaka mu mihogo ya Mama Sifa. Alikuwa amesimama na muavuli. Akaniangalia pale mu matope.

"Muzee," akasema, "udongo yako imefika salama, inakusalimia. Na weye mwenyewe umekuja kuisindikiza?"

Nikaokota mulango, nikapanda nayo bila muzaha hata moja. Miye! Mu Bunia yote watajua siku ile.

Kesho yake nilipanda kuona. Ile ngozi nyeusi ya juu ilikuwa imeenda. Meno nyeupe ilikuwa inje, mulima inanicheka. Mufereji ulipita katikati, mutu anaingia mpaka ku goti, na chini yake ile jiwe yenye kuoza, na magamba yake inang'aa mu jua. Tulipanda tena, mahindi ikaota mu nyekundu, ikafika kimo ya goti, majani ikageuka rangi ya kitunguu, ikasimama pale. Dorika alikuwa anayashika moja-moja. Tangu alikimbia vita ya Djugu na watoto, hana shamba ingine. Ile njo inamujazia chungu. Akaniuliza, "Papa, mama alikuwa anafanya nini hapa yenye siye hatufanye?" Nikasema labda ni mbegu.

Na kaburi yako haikutikisika hata kidogo. Kavu, imenyooka, kama nyumba ya gavana.

Sehemu ya chini bado ilikuwa na udongo, na katikati kidogo. Lakini mvua kubwa ya pili ingepita pale bila kitu ya kuizuia, kungebaki jiwe, na jiwe hailishe watoto. Nilikuwa na kiangazi moja mbele yangu. Nikachukua nyundo.

Dorika alinikuta nimetoa mawe tatu ya upande ya miguu yako. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Papa, unamufanya mama nini?" Akaninyang'anya nyundo. Akamuita Anise ku simu, akaniwekea ku sikio.

"Papa, umekunywa?"

"Bado. Lakini wazo yako ni muzuri."

Hakucheka. Akasema nikigusa jiwe ingine atakuja kunitoa mu ile nyumba. Na alikuja kweli, kisha siku tatu, na pasteri wakamuita, tukakaa wote mbele ya kaburi yako ku viti ya plastiki, kama watu wa kesi. Pasteri akasema, "Muzee, eleza watoto. Una shida gani na marehemu?"

Nilikuwa nimetayarisha mizaha mbili. Nikaziacha. Nikasema tu: "Hakuna lori. Hii mawe ni ya mama yenu. Ni mistari yake ya ku shamba. Alibeba kwa kichwa yake, na miye nilimuibia nikamupa zawadi, ili munisifu. Udongo imeenda kwa sababu yangu. Haikuwa mbegu, Dorika."

Anise akasimama, akaenda kukaa ku pikipiki yake, mugongo kwetu. Dorika aliangalia kaburi, akaangalia kule mulima, akaangalia tena kaburi, nikaona anahesabu na macho. Kisha akasema, na sauti yako kabisa, ile ya chini: "Ile ya jina utaiacha."

Haikuwa musamaha. Usifikiri nilisamehewa. Anise alirudia Mahagi bila kuniaga, na mpaka leo anapigia dada yake, miye ananiachia salamu ya kijeshi: muzee iko? Iko. Pasteri alisema ataombea ile jambo. Nafikiri anaombea bado.

Nikaanza kurudisha. Na kumbe sikujua hata kulaza! Nilifikiri ni kupanga tu mawe kwa kukingama. Musitari ya kwanza ilikuwa imeinama upande moja, vidole mbili tu, mvua ndogo ya kwanza ikakimbilia pale yote, ikatoboa, ikapita. Njo nikakumbuka weye ulikuwa unafanya namna gani: mvua ikianza, watu wote wakiingia mu nyumba, weye unatoka na fungu ya vijiti, unatembea na maji, na mahali inasita, unasimika kijiti. Nilikuwa ku baraza nakuita bata. Sasa Mama Sifa njo ananiita bata. Natembea mu mvua, naangalia chini, nasimika. Magoti inanilaani. Nimeanza kuona mahali maji inasita. Nilifikia uzee huu bila kujua kama maji inasitaka.

Dorika anapanda siku ya posho, ile yenye kesho yake ni kanisa. Hanisemeshe sana. Anaangalia musitari, akikuta jiwe imekaa mubaya anaigeuza, anapiga na kisigino, anaenda zake. Wiki iliyopita aligeuza moja tu. Nilitaka kukuambia ile.

Mistari kumi imerudia mahali yake. Nyuma ya ile ya chini udongo imeanza kukaa, kidogo, kama unene ya kidole. Siyo ile yako. Ile yako inalisha Mama Sifa, na mihogo yake, nasema ukweli, ni ya aibu kwa ukubwa.

Kaburi yako sasa ni udongo tu, na jiwe moja ya kichwa, na majani. Watu wakipita wanasema Mama Dorika alizikwa kama maskini. Nisamehe ile. Nilitaka uwe na kitu ya kuangaliwa, na kumbe ulikuwa nayo, kule juu, na miye nilikuwa nimeikalia na tumbako.

Imebaki jambo moja. Musitari ya kumi na moja, ile ya juu kabisa, haitoshe. Mawe mengine masoni alizivunja na nyundo ili zikae muzuri mu simenti, zimekuwa changarawe. Nimepima: panabaki nafasi ya urefu ya mutu moja. Nimemwambia Dorika, akasema, "Papa, acha wazimu," lakini hakusema hapana. Siku yangu ikifika, wasinilaze karibu yako, sikustahili. Wanipandishe pale, wanilaze kwa kukingama, kichwa ku jiwe ya mwisho ya upande huu, miguu ku ile ya upande ule, wanirundikie udongo. Niko na tumbo ya kutosha, nitazuia maji kidogo. Mpaka siku ile nakuahidi nitakuwa pale kila mvua, na vijiti yangu.

Lala, mama. Miye napanda, kumeanza kunyesha.

Bwana yako,
Baba Dorika