Mimba Iliyotangazwa Mapema

Mjukuu wangu Zuhura,

Wa alaikum salaam. Huku Mtongwe hatujambo, ila mjomba wako anakohoa kidogo. Mamako anakutarajia Idi, inshallah. Umeniuliza kama hasira na maumivu ya matiti yanayokujia kabla ya hedhi ni dalili kwamba hutazaa. Naona haya kuyaandika haya, lakini nitakujibu.

Niliolewa karibu na uhuru. Haukupita muda, matiti yakanivimba, nikawa nalia ovyo, hata nikamkaripia babu yako mbele ya wageni. Mavyaa wangu, yaani mamake babu yako, akafurahi. "Hiyo ni mimba," akasema, akawaalika majirani kwa chai na mahamri. Walipokuwa wakiniombea dua, damu ikanijia. Nilikimbilia chumbani, natamani ardhi inimeze.

Mavyaa akanifuata. Nilipomwambia, uso ulimshuka. "Aibu ni yangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyewaita." Akatoka, nikamsikia akisema, "Jamani, nilikosea. Hana mimba. Kunyweni chai."

Hakuna aliyecheka, lakini siku nyingi sikuthubutu kwenda kisimani.

Maumivu yakikuzidi, mwone daktari, wala usijifiche kama nilivyojificha mimi. Lakini usijiite tasa. Mamako alikuja baadaye, kisha wajomba zako. Na kila nilipomwachisha mtoto ziwa, ghadhabu ile ilirudi kwanza, ikafuata hedhi, halafu mimba nyingine.

Nakuombea afya,
Nyanya yako