Kigelegele Changu Kwenye Aikido

Kaka Khamis,

Huku Stratford baridi inanitafuna, lakini uzima upo. Nanyi huko Unguja Mungu awaweke.

Jana mjukuu wangu Raya kanipeleka kwenye aikido yake. Nilidhani nitaona judo yako ile ile: watu wamekamatana kosi, kila mmoja anataka kumwangusha mwenziwe. Wapi! Huku mmoja anajileta mwenyewe, anaangushwa, anainuka, kisha zamu inageuka. Raya alipombwaga mzee mmoja wa Kizungu, nikapiga kigelegele kama tulivyokuwa tukikupigia wewe. Ukumbi mzima ukanigeukia! Mzee akainuka, akainama, akamshukuru. Nikauliza, "Sasa nani kashinda?" Raya akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba hapa hakuna mshindi.

Mpaka sasa najiuliza, mchezo gani huo? Lakini kuanguka kwao ni kama ulivyokuwa ukiwafundisha vijana wako, mkono unapiga mkeka. Na yule mzee goti lake kalifunga bendeji kama lako, ila yeye hakai nyumbani kulinung'unikia.

Ile nguo yako ya judo iliyotundikwa nyuma ya mlango, iteremshe. Nikirudi niikute inanuka jasho, inshallah.

Dada yako akupendaye,
Zuwena