Siku Kumi na Nne za Nyonga

Jumanne, 6 Juni

Kwako Fundi, mume wangu,

Nakuandikia kwenye daftari letu la oda. Kurasa zilizobaki ni nyingi, na wewe huchukui oda tena. Ukurasa wa kushoto bado una mwandiko wako: "Bwana Kisigino – soli mbili, anataka jana." Nimecheka peke yangu. Kucheka kumeniuma mpaka machozi yamenitoka.

Niko hospitali. Wodi ya mifupa, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Jumamosi nilikuwa navuka barabara kumpelekea mteja viatu vyake, pikipiki ikanirusha. Viatu vilipona – havina hata mkwaruzo! Mimi nyonga ya kulia.

Tangu uondoke, miezi kumi na moja sasa, nimekalia kigoda chako kile kifupi. Chuma cha kupigia soli katikati ya magoti, misumari mdomoni kama wewe. Watu walisema mwanamke hataweza. Nimeweza. Na sasa nimelala chali kama mbao iliyosahaulika.

Wamepitisha pini ndani ya mfupa, juu kidogo ya goti. Pini imefungwa kamba, kamba imepita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na huko chini vinaning'inia vyuma vya kilo nane. Kazi yake ni kuvuta paja lisizidi kuzama. Nilipoviona mara ya kwanza nikadhani wananitania. Lakini maumivu yamepungua nusu! Kamba na vyuma tu. Ungekuwepo ungeinama chini ya kitanda kuangalia fundo walilofunga.

Jumatano, 7 Juni

Leo nimemwona daktari wa mifupa. Mwanamke, Fundi! Mfupi, viganja vipana, kucha zimekatwa mpaka nyamani. Wodi nzima wanamwita Seremala, kwa sababu ya nyundo na keekee yake ya kutobolea mifupa. Anajua, wala hakasiriki. Bibi wa dirishani, jirani yangu, alimwuliza mbele ya manesi wote kama kabati lake liko tayari. Akajibiwa kuwa bado linapigwa vanishi, atalipata kesho.

Kwangu hakuanza na jina. Alianza na miguu. Nikakukumbuka wewe, uliyekuwa unamsalimu mtu kuanzia viatu kwenda juu. Alipitisha kiganja chini ya kisigino changu kutafuta kidonda cha kulala. Kisha akaniambia niinue kidole gumba cha mguu. Nikainua. Tena. Nikainua. Akasema mshipa wa fahamu uko hai, na kila siku ataniuliza hilo hilo, nisimchoke.

Halafu akatoa nyonga ya plastiki kwenye mfuko, kama mtu anayetoa sampuli. Akanionyesha: mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama mpira, na mpira huo unazunguka ndani ya kikombe. Pikipiki iliponirusha, mpira uligonga kikombe, kikapasuka vipande vitatu. Anataka afungue, avipange, avikaze kwa bamba la chuma na skrubu. Ila kuna muda wake. Wiki mbili tangu ajali. Zikipita, mfupa unaanza kujiunga wenyewe, na unajiunga vibaya.

Nikamwambia hiyo ni gundi. Ukichelewa kuiweka sawa soli, inashika ilivyokaa.

Akanitazama vizuri. "Kumbe naongea na fundi mwenzangu!"

Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza. Je, nitakalia tena kigoda changu?

Hakunidanganya. Alisema akiwahi kukipanga kikombe, nyonga ikabaki yangu, basi baada ya miezi kadhaa inawezekana. Akishindwa, baadaye nitawekewa nyonga ya chuma. Nitatembea nayo vizuri kabisa, lakini viti vifupi nivisahau. Magoti yakipanda juu ya kiuno, mpira unaweza kuchomoka.

Basi nahesabu. Leo ya nne. Mwisho ni Jumamosi ya tarehe 17.

Ijumaa, 9 Juni

Bibi wa dirishani ametembea!

Alikuwa amevunjika shingo ya paja kwa kuteleza bafuni. Ana miaka themanini na mbili. Jana asubuhi wakamtoa mpira uliovunjika, wakamwekea wa chuma. Leo – leo, Fundi! – mwalimu wa mazoezi kamletea fremu ya kushikilia, na bibi kashuka kitandani. Hatua kumi na moja mpaka mlangoni. Nilihesabu, wodi nzima ilihesabu kwa sauti.

"Msinishike kama yai," anawaambia. Alipofika kwangu akasimama kupumua. "We fundi! Umelala tu, na soli za watu zinatoboka huko?"

Wakati wa kurudi nilimwona Seremala amesimama kwenye kona ya korido. Alikuwa hatazami kidonda wala karatasi. Anatazama nyayo za bibi zinavyokanyaga. Aliporidhika akaondoka kimya kimya.

Bibi amepewa masharti: asikae chini, asikunje nne, asiiname kuokota kitu. Hajali. Anasema amekaa mkekani miaka themanini, sasa atakaa juu kama hakimu.

Nimefurahi naye kweli. Halafu nimegeuka ukutani kidogo. Masharti yale yale nitapewa mimi, nikichelewa.

Jumapili, 11 Juni

Dada yako amekuja. Kaleta chai kwenye chupa na maneno kwenye kapu. "Wifi, barabarani mtu anatazama pikipiki, hatazami viatu vya watu!" Kanisuka mistari minne nikiwa chali, sijui kaifanyaje. Alipotoka nikamsikia analia korido. Aliporudi nikajifanya nimelala.

Jua limeingia dirishani asubuhi, nikakumbuka ulivyokuwa unalitoa kopo la gundi nje lipate joto, na kuligeuza geuza kama mtoto mchanga.

Kidole gumba kinainuka.

Jumatatu, 12 Juni

Kesho! Ni mimi wa pili asubuhi.

Seremala alikuja jioni na kipande cha bati laini, chembamba. Amelikunja juu ya ile nyonga ya plastiki akifuata picha zangu za eksirei, ili ajue bamba lenyewe likunjwe wapi. Nesi anasema jana, siku yake ya mapumziko, alishinda nalo. Nikaomba nilishike. Mikunjo mitatu, hakuna ufa, hakuna alama ya koleo. Kazi safi, Fundi. Nimeligeuza mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Hakuninyang'anya, alingoja mpaka nishibe kulitazama.

Kisha akachora mshale wa zambarau kwenye paja langu la kulia, akatia herufi za jina lake chini yake kama anayesaini barua. Akaitwa mahali, akaondoka haraka.

Nimesali. Nimekuombea na wewe.

Jumanne, 13 Juni

Sijapasuliwa.

Naandika polepole nisije nikamkosea mtu. Wifi alikuja alfajiri kusaidia kuniogesha. Alileta sabuni yake na dodoki lake. Akauona ule mshale. Akasema kaka yake aliishi kwa miguu ya watu, haiwezekani mjane wake apelekwe mbele ya madaktari na mguu uliochorwa kama ukuta wa shule. Akasugua. Mimi nilidhani labda una kazi, nikasema taratibu wifi. Akasema nikae kimya, uchafu ni uchafu.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi mkuu akafunua shuka. Akafunika. Akafunua tena.

"Mshale uko wapi?"

"Ule wino?" Wifi anauliza kwa majivuno. "Nimeutoa! Umenisumbua huo!"

Nesi mkuu hakupiga kelele. Alisema tu kuwa bila mshale hakuna anayevuka, na wa kuuchora ni yule yule atakayepasua, si mwingine. Wifi akasema jamani, si mnaona mguu wenye pini ndio huo? Nesi akajibu: "Mama, sisi hapa hatukisii." Seremala alikuwa ndani, mikono yake kwenye mguu wa mtu mwingine. Tukangoja. Na kabla hajatoka wakaletwa majeruhi wawili wa gari, mmoja nyonga imefunguka kama kitabu, damu inavujia ndani. Nafasi yangu ikaenda kwake.

Mwenye kuvuja damu hangojeshwi. Ningekuwa mimi ningetaka hivyo. Lakini nimerudishwa wodini nikitazama taa za dari zikipita moja moja, na leo ni siku ya kumi.

Wifi amelifungia dodoki lake ndani ya kapu.

Jumatano, 14 Juni

Yule wa nyonga iliyofunguka yuko hai. Nesi katusimulia. Walimfunga shuka kiunoni, wakaikaza kama mkanda mpaka mifupa ikarudiana, ndipo Seremala akaweka vyuma vya kuishika kwa nje. Halafu mwenzake, mapaja yote mawili, chuma kirefu ndani ya kila mfupa. Seremala alisimama kwa muda wa saa tisa. Alikula ndizi moja.

Na leo asubuhi daktari huyo huyo akaja kwenye kitanda changu, macho mekundu, akauliza ni nani aliyeniogesha.

Wifi alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Ni mimi, daktari. Nifunge."

Nilidhani atamkaripia. Nilishajiandaa kumtetea. Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Umemwogesha vizuri kuliko tunavyoogesha sisi," akasema. "Kosa ni langu. Nilichora, nikaondoka. Sikuwaeleza."

Akaeleza. Kwamba kule ndani mgonjwa analazwa ubavu, anafunikwa shuka za kijani mwili mzima, pini na vyuma vyake vimeshatolewa, na hapo mapaja mawili yanafanana kabisa. Hakumbuki kukosea, na hataki kuanza kujiamini kwa sababu hiyo.

Miaka thelathini nimekaa na mafundi, wewe ukiwa wa kwanza kwa ubora. Mteja akirudisha kiatu, fundi gani husema kosa ni langu? Hata wewe, nisamehe, ulikuwa unalaumu ngozi.

Akamteua wifi kuwa mlinzi wa mshale. Wifi akalia hapo hapo, safari hii bila kujificha. Bibi wa dirishani akasema kazi imepatikana, sasa atafutiwe na kofia.

Kesho vyumba vimejaa. Mimi ni Ijumaa, wa kwanza.

Alhamisi, 15 Juni

Mshale mpya umechorwa. Wifi hataki hata nijikune. Nesi alipokuja na kitambaa chenye maji aliulizwa anakwenda wapi nacho.

Wamenipiga picha upya. Siku ya kumi na mbili. Seremala hajapita jioni, si kawaida yake.

Ijumaa, 16 Juni

Naandika korido, juu ya kitanda cha magurudumu. Daftari litabaki kwa wifi. Nina dakika chache.

Seremala alikuja asubuhi na picha za jana. Hakukaa. Alisimama kwanza, nikajua kuna jambo. Kipande kimoja, cha nyuma, kimeanza kushika. Kidogo. Kwenye picha ni kama ukungu tu. Alisema atafungua akione kwa macho. Kikisogea, atavipanga vyote vitatu na kuvikaza. Kikigoma, hatakilazimisha, maana mshipa wa fahamu unapita hapo hapo, na mguu usio na nguvu ni mbaya kuliko kiti kirefu. Atafunga, nitangoja nyonga ya chuma. Uamuzi huo ataufanya mimi nikiwa usingizini. Akauliza kama namruhusu yote mawili, au nataka anifanyie moja tu.

Nikamwambia aamue kama angekuwa anatengeneza kiatu chake mwenyewe.

Akasema yeye viatu vikiharibika huwa anatupa.

"Daktari!" wifi akafoka. "Hilo usilirudie mbele ya huyu!"

Tukacheka wote watatu, mimi nimeshika ubavu. Fundi, umesikia lakini? Anatupa! Nikipona nitamletea nyundo nimwonyeshe.

Nimetia sahihi yote mawili. Nimemwona anavyotazama nyayo za bibi, nimelishika bati lake, nimemsikia akibeba kosa ambalo hakuna aliyemtwisha. Asipokiweza kikombe changu, basi hakiwezekani, na nitajifunza kushona nimekaa juu. Nasema hivi, ila sijui. Kigoda kile kimechukua umbo lako, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nakizoea.

Naogopa, usimwambie mtu. Wifi kanishika mkono, anaubana kama koleo. Ndani nawasikia wanahesabu vyuma kwa sauti, mmoja anasema, mwingine anajibu, hawaruki hata kimoja. Sauti ya Seremala imo. Kauliza kama nimefika.

Nesi mkuu kafunua shuka, katikisa kichwa kuwa sawa. Mlango unafunguliwa. Wananyoosha mkono kuchukua daftari.

Huko uliko, Fundi, nikumbuke.